Fimbo ya Stesheni Iliyofungwa

Koti la baba yake lilikuwa likitembea.

Getrude aliliona kupitia kioo cha mbele cha gari: koti la buluu iliyopauka, vifungo vya shaba, kola iliyochanika upande mmoja. Lilikatiza jukwaa la stesheni ya zamani likichechemea mguu wa kushoto, kama lilivyochechemea miaka yote aliyomjua mwenye nalo. Kwa muda wa pumzi moja moyo wake uliamini. Kisha akageuka, akalitazama jeneza lililokuwa nyuma ya kiti chake, na akili ikamrudia. Aliyevaa koti alikuwa mzee Twalib.

Mzee alishuka jukwaani kwa madaha, akaja mpaka katikati ya njia ya vumbi, akasimama mbele ya gari. Koti lilimfika magotini, kwa kuwa Dominick, baba yake Getrude, alikuwa mrefu na Twalib hakuwahi kuwa mrefu. Akachomoa kifimbo cha chuma ndani ya koti, akakiinua juu ili kila mtu akione, kisha akaketi chini, miguu mbele, mgongo ameuegemeza kwenye bampa.

"Treni haitoki," alisema. "Fimbo ninayo mimi."

Waombolezaji waliokuwa wamesimama kando ya njia wakaangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma Getrude. Alikuwa hajalala vizuri tangu simu ya hospitali ilipoita, na kila kitu alikuwa amekipanga mwenyewe: gari, jeneza, padri, kaburi. Maiti ilikuwa imepitishwa Nalembwe, kijijini kwake, ili majirani waage tu. Walikwisha kuaga. Katekista Nikodemu alikwisha kusalisha. Kilichobaki kilikuwa barabara.

Yassin, dereva aliyemkodi kutoka Nangurukuru, alizima injini. "Mama, huyu mzee anatuzingua. Nipige honi?"

"Usipige. Ni mtani wa baba."

"Sasa si mtani wake kashafariki? Anamtania nani?"

Getrude akafungua mlango, akashuka.

Kila mtu wa kusini anaujua utani wa makabila, lakini utani wa Nalembwe ulikuwa na asili nyingine. Kabla ya reli, mahali pale hapakuwa na kitu zaidi ya msitu, nyani na njia ya miguu ya watu wa mashambani waliokuwa wakishuka pwani kufuata chumvi. Kisha, baada ya vita kuu ya pili, Waingereza wakaamua kulima karanga kusini nzima, na reli ikaja kuzifuata karanga ambazo hazikuwa zimeota bado. Mahali ambapo kichwa cha treni kiliishiwa maji palijengwa tangi juu ya miguu ya chuma. Penye tangi pakajengwa stesheni, na penye stesheni mji ukajimwaga kama maji yaliyopasua kingo. Kulikuwa na maduka ya Wahindi yenye vibaraza, mahali pa kuoka mikate, mafundi cherehani waliopanga foleni ya mashine zao chini ya paa moja, baa mbili, msikiti, kanisa, na sinema iliyoonyeshwa kwenye shuka la hospitali. Watu walitoka kila upande: Wamwera, Wayao, Wangoni, Wamakonde, Wangindo, na Wamatumbi kutoka vilima vya Kilwa.

Makabila yalikuwa mengi mno kwa utani wa kawaida. Nani angekumbuka nani ni mtani wa nani? Kwa hiyo wafanyakazi wakaugawa mji upya. Wote waliofanya kazi juu ya treni waliitwa watu wa kichwa. Wote waliobaki chini, kwenye njia, matangi na ofisi, waliitwa watu wa stesheni. Hawa walikuwa watani wa wale. Akifa mtu wa stesheni, kaburi lilichimbwa na watu wa kichwa, nao walivaa nguo zake, wakaigiza mwendo wake, wakamsema mpaka wafiwa wacheke wakiwa bado na machozi. Akifa mtu wa kichwa, zamu iligeuka. Dini haikuulizwa. Waliokuwa mbali na kwao walihitaji mtu wa kuwazika, na mji uliwapa.

Karanga hazikukubali. Mvua ilikataa, udongo ukawa mgumu kuliko majembe ya chuma. Treni iliendelea kwa miaka kadhaa ikibeba korosho na magogo, kila msimu na mabehewa machache zaidi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya sitini ikasimamishwa. Reli ziling'olewa, zikapakiwa juu ya treni ile ile, nayo ikaondoka nazo. Mji haukufa siku moja. Wahindi walikwenda kwanza, kisha mikate, kisha mabati ya mapaa, na mwishowe watu waliobaki wakawa wakulima wa mikorosho juu ya mahali palipokuwa na mitaa. Ukitembea Nalembwe leo unakanyaga kokoto katikati ya shamba la mihogo, na usipoambiwa hutajua zimefikaje.

Katika watu wa reli, wawili tu hawakuondoka: Dominick, aliyekuwa mtu wa kubadilisha njia za treni, na Twalib, mtia kuni. Mtu wa stesheni na mtu wa kichwa. Walitaniana miaka sitini na ushei bila kupumzika.

"Shikamoo, mzee Twalib," Getrude alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ingawa leo ningekuwa na haki ya kukunyima. Mwizi humwamkia anayemwibia?"

"Nimekuibia nini?"

"Maiti yangu!" Twalib aligeukia waombolezaji kama shahidi anayeielekea mahakama. "Nimeivumilia ikiwa hai. Imekula korosho zangu, imeniita mvivu mbele ya wakwe zangu. Leo ndiyo kwanza imetulia, imefunga mdomo, imekuwa mtu wa maana, na huyu anaipakia garini!"

Katekista Nikodemu alijifunika uso kwa kitabu cha sala, mabega yakimtetemeka.

"Mzee, kaburi limeshachimbwa Nangurukuru. Padri anatungoja."

"Nangurukuru!" Twalib alipiga kofi pajani. "Mahali ambapo hata kuku hawalali kwa honi. Baba yako alikaa huko kwako wiki moja. Aliporudi nilimwuliza, mtumwa wangu, umeona nini? Akasema, nimeona mji ambao kila mtu anauliza basi linafika saa ngapi. Nikasema, na likishafika? Akasema, likishafika wanapanda, unabaki na maganda ya mayai." Akasubiri kicheko kitulie. "Sisi tulikuwa na maganda ya karanga. Mabasi nayo siku moja yatapata barabara nyingine, mwanangu, na baba yako atakuwa kalala kwenye maganda kwa mara ya pili."

Ilikuwa kweli kwamba baba yake hakuipenda Nangurukuru. Ilikuwa kweli pia kwamba Getrude alikuwa amemfuata Nalembwe kumchukua mara tatu, na mara zote tatu alirudi peke yake. Lakini alikuwa na hoja, na hoja yake aliiona haina tundu. Kule Nangurukuru kaburi lingekuwa ndani ya ua wake, lenye saruji na jina. Huku Nalembwe vijana walikuwa wamekwisha kuhamia Lindi, Somanga na Dar es Salaam. Baada ya miaka michache nani angefyeka? Msitu ulikuwa umemeza stesheni nzima. Kaburi moja lingeushinda? Alikuwa amekusudia, kiangazi kikija, kuomba kibali cha kuihamisha na mifupa ya mama yake.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha hakimu sehemu kubwa ya maisha yake, Kilwa Masoko, Lindi na kwingineko, na pale alijifunza kwamba sauti ya chini husikika mbali zaidi. Akaitumia.

"Mzee Twalib, nakuheshimu kama mzazi. Lakini kuzuia maiti isizikwe ni kosa kisheria. Nikipiga simu, polisi watakuja wakuondoe, na mimi sitaki ufikie huko."

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika ncha ya khanga mdomoni aliiteremsha polepole. Hapana mtu pale aliyewahi kusikia mtani akijibiwa kwa polisi. Mtani hutukana, nawe hutukana zaidi yake. Hukunyang'anya kitoweo, nawe hucheka. Huingia kaburini akalala, nawe humbembeleza. Ukikasirika umevunja kitu ambacho hakina fundi. Hata Getrude mwenyewe, aliyezaliwa katika utani huo, alisikia maneno yake yakianguka vumbini, akajua kwamba hayarudishiki.

Twalib alikitazama kifimbo mikononi mwake, kisha akaanza kulivua koti kifungo kimoja kimoja. Alipomaliza akainuka kwa kushika bampa, akalikunja koti vizuri, akaliweka juu ya boneti. Ndani yake alikuwa mzee mdogo mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka ikaonyesha mbavu.

"Hakimu amesema," akasema, bila mzaha.

Hapo ndipo Sada, binti yake Twalib, mwanamke mnene wa umri wa Getrude, alipomshika mkono. "Dada, twende ukamuage mama kwanza. Huwezi kupita bila kumwambia kwamba unamwacha peke yake. Gari litasubiri."

Makaburi ya reli yalikuwa nyuma ya tangi la maji. Tangi lenyewe lilikuwa limetoboka siku nyingi, lakini kisima kilichochimbwa kulijaza kilikuwa bado kikitoa maji, na kijiji kizima kilichota pale. Walipita wanawake wawili wenye ndoo, wakawapa pole, wakaitikia. Njia iliingia katika mikorosho na kutokea kwenye uwazi uliogawanywa na tuta refu lililonyooka, mahali palipolala reli zamani. Upande wa mashariki walilala Waislamu, upande wa magharibi Wakristo.

Getrude alikuwa hajafika pale tangu kiangazi cha mwaka juzi. Alitegemea kuona nyasi za kufika kiunoni, na viatu alivyovaa alivichagua kwa sababu hiyo. Hapakuwa na nyasi. Uwanja wote ulikuwa umepalizwa, pande zote mbili za tuta, na ardhi ilikuwa bado na mistari ya jembe. Kaburi la mama yake, Romana, lilizungushiwa kokoto za reli zilizopakwa chokaa. Chokaa ilikuwa mpya.

Akachutama, akagusa jiwe moja. Likamwachia weupe kidoleni.

Kwa mazoea akaanza kupima alichokiona. Baba yake alikuwa hawezi kutembea bila kushikwa kwa miaka minne sasa. Mwaka wa mwisho alikuwa hatoki kitandani. Yeye mwenyewe alikuwa akituma vitu, dawa, blanketi, redio. Hakuwahi kutuma mtu wa kufyeka kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba kazi hiyo ina mtu. Kila alipokuja alikuta pasafi, akadhani ni baba. Baadaye hakudhani kitu chochote.

"Sada, nani anapaliza hapa?"

"Sisi." Sada alijibu kama aliyeulizwa nani anapika nyumbani kwake. "Kila Shaabani tunafyeka upande wetu kabla ya mfungo. Tukimaliza tunavuka tuta."

"Tangu lini?"

"Mimi nimekuta hivyo. Tulipokuwa wadogo baba zetu walifanya pamoja, wao wawili. Baba yako alikuwa anavuka kwetu, baba yangu anavuka kwenu, wanatukanana kutoka huku na huku. Miguu ya baba yako ilipokataa, tukafanya pande zote. Wanangu wakija kutoka Somanga, nao wanafyeka. Hawaulizi."

"Mbona hukuniambia?"

Sada alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningekuambia nini, dada? Kwamba tumefagia?"

Upepo ulipita katika mikorosho. Getrude alibaki amechutama, mkono juu ya jiwe. Hoja yake, ile isiyokuwa na tundu, ilikuwa imesimama juu ya jambo moja tu: kwamba hapana mtu wa kufyeka. Jambo hilo halikuwa kweli. Halikuwa kweli kwa miaka yote aliyokuwa akiliamini, na ushahidi ulikuwa chini ya viatu vyake kila alipokuja.

Kama alikosea hapa, alikosea wapi kwingine?

Alikumbuka hadithi ya kuzaliwa kwake. Aliisikia mara nyingi mno utotoni, daima kutoka kwa wazee wawili kwa wakati mmoja, na daima kama ugomvi. Sheria ya reli ile ilikuwa kwamba njia ni moja, kwa hiyo hakuna treni iliyoruhusiwa kutoka stesheni bila dereva kushika fimbo ya njia. Fimbo ni moja, na aliye nayo ndiye mwenye njia. Treni ikifika stesheni nyingine, fimbo hukabidhiwa mtu wa pale, na hapo ndipo njia huwa wazi tena. Katika siku za mwisho, bwana stesheni akiwa ameshaondoka na Dominick amebaki peke yake, Romana alishikwa na uchungu ambao haukutaka kuisha. Hospitali ya misheni ilikuwa stesheni moja mbele. Treni ya mwisho kabla ya reli kung'olewa ilikuwa imesimama kupakia meza na makabati ya serikali.

Kuanzia hapo mashahidi waligombana. Baba yake alisema Twalib aliiba kichwa cha treni kwa sababu alichoka kubeba makabati. Twalib alisema Dominick alilia kwa sauti kubwa hata wakaona hakuna haja ya kupiga filimbi. Baba yake alisema Twalib aliachwa na treni kwa kuwa alilala usingizi chini ya mkorosho wa masista. Twalib alisema alishuka kwa hiari, kichwa kikaenda zake Mtwara na nafasi yake ya kazi Dar es Salaam ikaenda nacho, kwa kuwa mtu mmoja lazima arudishe fimbo, na aliyekuwa na miguu mizuri ni yeye. Baba yake alisema miguu ile ilikuwa kama ya kanga. Na kadhalika, mpaka mama yake awafukuze wote wawili jikoni.

Getrude aliiweka hadithi hiyo kwenye fungu la mizaha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa ushahidi, hakuirudia tena. Sasa, akiwa na chokaa kidoleni, aliisikiliza kama ambavyo angewasikiliza watu wawili kizimbani. Mashahidi wanaopingana juu ya kila kitu, lakini wakakubaliana juu ya jambo moja bila kutambua kwamba wamekubaliana, jambo hilo ndilo la kuandikwa. Hawa walikubaliana kwamba kichwa cha treni kilifunguliwa mabehewa, kikambeba mama yake. Walikubaliana kwamba Dominick alitoa fimbo bila ruhusa ya mtu yeyote. Walikubaliana kwamba Twalib alirudi kwa miguu kupitia juu ya mataruma ya reli, fimbo begani, na kwamba maneno ya kwanza aliyoyasema alipofika yalikuwa: "Wa kike. Anapiga kelele kama wewe. Na mama yake anaomba uji."

Na kielelezo kilikuwapo. Alikuwa ametoka kukiona mikononi mwa mzee, muda si mrefu, akamtishia kwa polisi.

Kulikuwa na sehemu ya mwisho ambayo hakuwahi kuielewa. Twalib alipofika na fimbo alimpa Dominick, kama sheria inavyotaka. Dominick akakataa kuipokea. "Stesheni imefungwa," alisema. "Kaa nayo mpaka treni ije." Tangu siku hiyo, kila Krismasi Twalib alikuja na fimbo kuikabidhi, akalishwa wali na kuku, akakataliwa. Kila Idi Dominick alikwenda kwa Twalib kuuliza kama fimbo ipo salama, akalishwa pilau, akamwambia akae nayo. Utotoni Getrude aliwaona wapuuzi. Ukubwani aliona ni mazoea ya wazee. Hakuwahi kujiuliza kingetokea nini kama baba yake angenyoosha mkono mara moja tu na kuipokea.

Aligusa tena lile jiwe la kaburi la mama yake, akainuka.

Walipotokea kwenye stesheni hakuna aliyekuwa ameondoka. Watu walikuwa wamekaa ukingoni mwa jukwaa kama abiria. Yassin alikuwa ameegemea mlango wa gari, simu mkononi. Mzee Twalib alisimama peke yake kando ya njia, na alipomwona Getrude alimjia, mwendo wake mwenyewe sasa: hatua fupi za haraka, kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia ukipunga zaidi ya wa kushoto.

Akanyoosha kifimbo kwa mikono miwili.

"Pokea, mwanangu. Baba yako aliikataa tangu siku uliyozaliwa. Wewe ndiye wa stesheni sasa. Ukiipokea, kazi yangu imekwisha, njia ni wazi, mpeleke unakotaka. Sitasema neno."

Kilikuwa chuma kizito kidogo tu, kimesuguliwa na viganja mpaka kikang'aa kama kijiko. Upande mmoja herufi za jina la Nalembwe zilisomeka bado; upande wa pili, jina la stesheni ya misheni lilikuwa karibu kufutika, pale mkono wa mchukuzi uliposhika. Getrude aliona kwamba mzee hakuwa akifanya mzaha hata kidogo, na kwamba aliogopa.

Getrude aliutafuta usemi ambao hajawahi kuutumia katika maisha yake yote ya kusema mbele ya watu, na alipoupata ulikuwa na sauti ya baba yake.

"Stesheni imefungwa," alisema. "Kaa nayo mpaka treni ije."

Twalib hakuelewa mara moja. Kisha mdomo wake ukafunguka.

"Na tena, mzee," Getrude aliendelea, akisikia uso wake ukipata moto kama wa msichana, "unakaa barabarani na kanzu ya kuonyesha mbavu mbele ya wageni, wakati kaburi la bwana wako halijachimbwa? Watu wa kichwa ni wavivu hivi? Au mnasubiri na kazi hiyo nayo tuwafanyie sisi wa stesheni?"

Aliyeanza kucheka alikuwa Nikodemu, kwa sauti ya kanisani, iliyozoea kuimba bila kipaza sauti. Kisha wote. Mwanamke yule mwenye khanga mdomoni alipiga kigelegele, akakumbuka kwamba ni msiba, akakikatisha, halafu akakiendeleza. Twalib alikuwa akicheka na machozi yakifuata mikunjo ya uso mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Mmesikia?" aliuliza. "Mmesikia mtumwa wangu anavyonitukana? Na kasoma sheria!" Akageukia vijana. "Leteni majembe! Na mtu anipe koti langu!"

Yassin alisogea. "Mama, na kule Nangurukuru? Kaburi lipo wazi, padri yupo."

"Nitampigia padri nimwombe radhi."

"Mwambie na kaburi lisiachwe tupu," Twalib alipaza sauti, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine ukitafuta tundu. "Kaburi tupu linaita. Wazike mgomba. Wauzikie na maganda ya mayai!"

Kaburi lilichimbwa kando ya Romana. Udongo wa juu ulikuwa mwepesi, kisha likaja tabaka la kokoto, na majembe yakalia kwa muda mrefu kabla ya kufika kwenye mchanga mwekundu. Twalib alishuka ndani mara mbili, akalala chali, akadai ni yake, akatolewa kwa kubembelezwa; mara ya pili Getrude alimbembeleza mwenyewe, na haikuwa kazi rahisi, kwa sababu mzee alitaka asifiwe urefu. Nikodemu alisoma sala. Wakristo waliimba, Waislamu wakasimama vichwa chini, kisha wote wakatupia udongo. Mwishoni Sada alileta ndoo ya maji ya kisima cha reli watu wanawie mikono. Getrude alinawa, akabaki ameiinamia ndoo kwa muda, akiutazama uso wake ukitulia juu ya maji.

"Ahsante, Sada," alisema.

"Ya maji?"

"Ya maji."

Jua lilikuwa limeinama juu ya mikorosho walipoanza kurudi stesheni. Watu walitangulia. Twalib alimpa koti, na Getrude alilipokea. Lilikuwa na joto la mwili wa mtu. Akalivaa. Lilimkaa mabegani kama lililokatwa kwa kipimo chake, kwa kuwa urefu alikuwa ameuchukua kwa baba.

Mzee alianza kutembea kando yake, fimbo begani.

"Tangulia, mzee," Getrude alimwambia. "Tembea polepole."

"Kwa nini? Nimezeeka, lakini sijawa mgonjwa."

"Nataka nikutazame."

"Unitazame nini?"

"Mwendo."

Twalib alisimama. Alimtazama yule mwanamke mrefu ndani ya koti la reli, akatazama nyuma yake kwenye tuta, upande wa mashariki ambako nafasi yake ilikuwa inajulikana, kisha akamtazama tena. Aliirekebisha fimbo begani. Akageuka, akatangulia kuelekea stesheni: hatua fupi za haraka, kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia ukipunga zaidi ya wa kushoto. Na alipofika mahali ambapo njia ilinyooka, akaanza kuutia chumvi kidogo mwendo wake mwenyewe, ili aliyekuwa nyuma asije akaukosea.